Wino Uliovuja Miguuni

Kama kuna mtu aliyewahi kununiana na picha, basi ni Mama Sare. Wengine hununiana na mawifi, na majirani, hata na jogoo wa jirani anayewika kabla ya wakati. Yeye alinuniana na karatasi. Kila alipokwenda kumwona baba yake, ambaye miaka tisa sasa alikuwa akiishi kwa mwanawe wa kiume, mdogo wake Mama Sare, alikaa kwenye kile kiti kilichoipa picha kisogo, na watoto wa nyumba ile walishakijua, wakakiita kiti cha shangazi.

Jina la Mama Sare alipewa na wateja. Kibanda chake cha kushonea kilikuwa hatua chache kutoka shuleni, na shati au sketi yoyote iliyopita getini pale asubuhi ilikuwa imepita kwanza chini ya sindano yake. Alikuwa na mkasi mkali na ulimi uliokaribia kuufikia mkasi huo kwa makali. Mtu mbaya hakuwa. Alikuwa tu mtu ambaye akishakata kitambaa, amekata.

Asubuhi moja ya Alhamisi mdogo wake aliingia kibandani amekumbatia kitu kilichofungwa kwenye blanketi.

"Nini tena hicho?" Mama Sare aliuliza bila kuinua mguu kwenye cherehani.

"Picha ya mama. Watoto wamecheza mpira sebuleni, kioo kimekwenda na maji. Tangu juzi baba hali vizuri. Nikasema niilete kwako, maana fundi fremu yuko hapo nyuma yako tu."

"Anasusa chakula kwa ajili ya kioo?"

"Dada, nakuomba. Leo sina nguvu za kubishana." Aliweka furushi juu ya meza, kwenye rundo la kola, kisha akasimama akichezea funguo zake. "Na lile jambo letu? Umelifikiria?"

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Mdogo mtu alikuwa amehamishwa kikazi, na nyumba aliyopewa huko aendako ilikuwa ghorofa ya nne, ngazi tupu. Baba alikuwa na miaka themanini na mitatu na magoti yaliyolia kila akiinuka. Ngazi zile asingeziweza. Yalibaki mambo mawili: ama aje kwa Mama Sare, kwenye chumba cha nyuma kilichojaa majora ya vitambaa, ama apelekwe kwa binamu mmoja wa mbali, mtu mwema bila shaka, lakini ambaye mzee alikuwa amemwona mara mbili maishani, na mara zote mbili ni msibani.

"Nilisema nitajibu Jumamosi. Leo Jumamosi?"

"Sio. Ila nikwambie tu, mzee keshafunga nguo zake. Za kwenda kwa binamu. Anasema hataki kukusumbua."

Alipoondoka, Mama Sare alishona mfuko wa shati ukatoka upande. Akaufumua. Akashona tena, ukatoka upande vilevile. Moyoni alijua jibu lake la Jumamosi, na alijua pia kwamba halikuwa jibu zuri. Si kwamba hakuwa na nafasi; majora yangehamia hata uvunguni mwa kitanda. Kilichomkaba ni ile picha.

Baba yake aliichora alipokuwa na miaka arobaini na miwili. Wakati huo alikuwa mchora ramani kwenye ofisi ya barabara, mtu wa kalamu za wino na rula, na mama yake alikuwa dobi wa hospitali, kazi ya kusimama kwenye sakafu yenye maji tangu alfajiri hadi jioni. Kwenye picha mama amelala kitini, kichwa kimeegemea upande, koti la kiume limemfunika hadi kidevuni, na huko chini kabisa ndipo ilipo miguu. Kila kitu kwenye picha ile kilikuwa chembamba na safi, isipokuwa weusi wa koti na miguu. Miguu ilikuwa minene, imefura, vifundo havionekani. Mama Sare alikua akiitazama miguu ile. Akiwa na miaka kumi na sita, wiki moja baada ya kumzika mama yake, alisimama mbele ya picha akamgeukia baba, na maneno yakamtoka kama maji ya bomba lililopasuka: "Ulikuwa umekaa! Mama ametoka kazini miguu imevimba namna hii, na wewe umekaa unamchora!"

Baba alijibu neno moja. "Ndiyo."

Hakuna aliyelirudia jambo hilo tena. Waliendelea kusalimiana, kujuliana hali, kupelekeana dawa na matunda. Mtu wa nje angesema hawa hawana hili wala lile. Lakini miaka thelathini ilikuwa imepita na ile "ndiyo" ilikuwa bado imekaa katikati yao.

Basi alifunga kibanda, akalibeba furushi, akazunguka nyuma.

Fundi fremu aliitwa Milimita, na alistahili. Ukimwomba asogee kidogo atakuuliza kiasi gani. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye dirisha pana, vipande vya mbao vimepangwa ukutani kwa urefu, na meza iliyofunikwa blanketi kuukuu ili vioo visikwaruzike. Alilifungua furushi, akaokota vigae kimoja kimoja, akaitoa picha kwenye fremu na kuilaza mezani. Kisha akaiinamia kwa muda mrefu kuliko mtu anayetafuta kipimo.

"Huyu mama kapumzika," alisema mwishowe.

"Kapumzika?" Mama Sare alicheka kicheko kisicho na furaha. "Huyo kachoka, fundi. Kachoka kufa."

"Kuchoka kachoka. Lakini mimi sisemi katokea wapi, nasema yuko wapi sasa hivi. Tazama shingo. Mtu akisinzia kitini peke yake, kichwa humwangukia kifuani, huamka shingo inamuuma. Huyu kichwa kimetulia. Unaona mkunjo huu nyuma ya sikio? Hiyo ni nguo imekunjwa ikasukumwa pale. Halafu mdomo uko wazi kidogo. Mtu halali mdomo wazi mbele ya mtu anayemwogopa."

Mama Sare aliinama akautazama. Mkunjo ule hakuwahi kuuona. Aibu ilioje: yeye aliyeishi kwa mikunjo ya nguo.

"Aliyechora ni mtu wa ofisini kama mimi," Milimita aliendelea, sasa amechangamka. "Mimi nimechora mifereji ya maji machafu miaka ishirini na sita kabla kompyuta hazijatufukuza. Mkono huu naujua. Mstari wa nje mnene, wa ndani mwembamba, kivuli ni vistari sambamba, hapaki wala hafuti kwa kidole. Lakini hapa kwenye koti kafanya fujo. Mbona jeusi hivi?"

"Si ndivyo lilivyokuwa?"

"Hilo nakuuliza wewe."

Mama Sare alifikiri. Lile koti alilikumbuka, lilivaliwa hadi viwiko vikatoboka, akaja kushonea viraka mwenyewe akiwa msichana. "Hapana," alisema polepole. "Koti la baba lilikuwa la kaki."

Milimita alimtupia jicho mara moja tu aliposikia "baba," kisha akarudisha macho kwenye karatasi, na sauti yake ikashuka kidogo. "Basi sikiliza, mama. Wino haufutiki. Ukishaweka, umeweka. Sogea huku dirishani uone. Chini ya weusi huu kuna mistari mingine. Huu ni mkono wa gauni. Huu ni mkanda. Huu ni upindo, unapita juu ya magoti. Gauni zima lipo, lilichorwa likaisha. Halafu koti likaja juu, na ili alifiche gauni ikabidi alijaze vistari mpaka likawa jeusi. Maana yake alipoanza kuchora, koti halikuwepo pale."

"Kwa hiyo aliongeza koti kupendezesha."

"Kupendezesha gani huko? Kaliharibu gauni alilolihangaikia! Mimi ningelia." Akatikisa kichwa. "Sisi tulifundishwa kitu kimoja: chora kilichopo. Barabara ikihamishwa hatua mbili, ramani nayo inahamishwa, hata kama umekesha juu yake. Kama kachora koti, koti lilikuja."

Mama Sare aliona jinsi hoja ilivyokuwa ikimpeleka, akakaza miguu kama mtu anayevutwa mkono. "Haya. Na miguu? Hiyo unaisemeaje? Imevimba, aliiona imevimba, akaichora hivyohivyo imevimba."

Fundi alivaa miwani ya pili juu ya ile ya kwanza. Aliiinua karatasi akaikinga na mwanga wa dirisha, akaishusha, akaiinua tena. Kisha akaenda kwenye droo yake, akatoa kipande cha karatasi ngumu, nusu wembe, na kalamu ya wino ya zamani.

"Njoo karibu. Hii sisemi kwa mdomo."

Alipiga mstari mweusi. Aliusubiri ukauke, akaukwangua kwa wembe taratibu, akipuliza vumbi, hata karatasi ikabaki nyeupe. "Hivi ndivyo tulivyokuwa tukirekebisha kosa. Sasa tazama." Akapiga mstari mpya palepale. Wino ulitambaa pembeni, mstari ukanenepa, ukaota manyoya. "Karatasi iliyokwanguliwa hunywa wino. Ndiyo maana ukishakwangua lazima usugue kwa ukucha, ulainishe, ndipo uchore." Akakwangua mahali pengine, akasugua kwa ukucha wa dole gumba, akachora. Mstari ule wa pili ulikaa mwembamba, safi.

"Miguu ya huyu mama haikuchorwa imevimba," alisema. "Wino umevuja. Hapa palikwanguliwa, na fundi hakulainisha. Fundi wa kiwango hiki kusahau kulainisha, mikono ilikuwa na haraka, au ilikuwa na jambo lake."

"Alikwangua nini?"

"Macho yangu hapo yanagoma. Wembe huondoa wino, lakini alama ya ncha ya kalamu hubaki. Wewe una macho ya sindano. Tazama."

Mama Sare aliishika karatasi kwa mara ya kwanza maishani mwake. Aliiinamisha mwanga uje kwa ubavu, kama alivyofanya kila siku kwa nguo iliyofumuliwa, maana mshono hata ukiufumua namna gani huacha vitundu, na mwenye kujua huvisoma. Aliona kisigino. Si kisigino cha mtu, ni kile cha mraba, cha soli. Aliona ulimi wa ngozi. Kisha akaona vimichirizi vidogo vinavyopishana, kimoja juu ya kingine, matundu matano upande huu, matano upande ule.

"Viatu," alisema. "Ni viatu vya mama vya kazini. Vya kamba."

"Ahaa."

"Vilikuwepo."

"Vilikuwepo, halafu havikuwepo," alisema Milimita. "Mwingine angeviacha. Nani angejua? Lakini mtu wa ramani hawezi. Vimetoka mguuni, vitatoka na kwenye karatasi."

Mama Sare hakuuliza nani aliyevitoa. Mama alikuwa amelala. Nyumbani mle siku hizo kulikuwa na watu wazima wawili tu, na mmoja ndiye aliyekuwa kitini.

Alijikuta ameketi kwenye kigoda cha fundi, karatasi juu ya magoti, na machozi yakishuka bila kelele. Hayakuwa machozi ya uchungu, na alilijua hilo wakati uleule. Ilikuwa shukrani, ilimjia yote kwa mkupuo hata akakosa mahali pa kuiweka. Alimshukuru mama, kwamba alilala mdomo wazi nyumbani kwake. Aliushukuru mpira wa watoto wa mdogo wake. Alimshukuru mzee huyu wa mifereji, ambaye saa hizo alikuwa amempa mgongo, akipima ubao mmoja kwa mara ya tatu ili ampe mtu nafasi ya kulia.

"Huo mguu nikikwangua kidogo naweza kuurudisha mwembamba," Milimita alisema akiwa bado ameelekea ukutani. "Kazi ya dakika kumi."

"Usiguse!" Mama Sare alipaza sauti hata mwenyewe akashtuka, kisha akacheka, huku anafuta pua kwa ncha ya futi kamba yake ya kushonea. "Samahani, fundi. Iache kama ilivyo. Weka kioo tu. Na Mungu akuzidishie macho."

"Ya kwanza yamechakaa, akizidisha nitashukuru."

Hakurudi kibandani. Alikwenda moja kwa moja kwa mdogo wake, mikono mitupu, na vipande vya nyuzi vikiwa vimemganda kwenye sketi. Wifi yake alikuwa jikoni akifunga vyombo kwenye magazeti. Alipomwona alitaka kumwandalia kitu, lakini Mama Sare alimpa mkono tu, akapita hadi chumba cha baba.

Mzee alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, amevaa shati lililofungwa vifungo hadi juu. Begi lake lilikuwa karibu na mlango. Lilikuwa begi dogo sana kwa miaka themanini na mitatu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Leo si siku ya kazi?"

"Ni siku ya kazi." Akaketi karibu naye, ubavu kwa ubavu. Njiani alikuwa amepanga maneno mazuri, na sasa hakukumbuka hata moja. "Baba, mama alikuwa amevaa viatu."

Mzee hakuuliza viatu gani. Aliitazama mikono yake, mikono mirefu yenye mishipa, kisha akashusha pumzi.

"Nani kakwambia?"

"Fundi fremu. Amekiona ulichokikwangua, na jinsi wino ulivyovuja."

"Huyo ni fundi." Baba alitikisa kichwa kwa heshima ya mtu wa kazi kwa mtu wa kazi. Kisha akasema, "Basi na mengine nikwambie mwenyewe. Ulivyonipigia kelele siku ile, ulisema kweli. Mama yako aliingia, akaketi, akalala palepale, na mimi nikaona uzuri. Nikachukua kalamu. Nilichora uso, nikachora gauni, nikachora viatu. Nilichora hata kamba, moja moja, tundu kwa tundu. Ndipo nilipoona jinsi zilivyokaza. Mtu mzima, nimekaa nusu saa nazichora kamba zinazomkata mke wangu. Nilipovivua, juu ya miguu palikuwa na alama za matundu. Nikamfunika. Nikarudi mezani kwa haraka, nikavikwangua, hata kulainisha nikasahau. Fundi wako amesema kweli, wino ulivuja. Lakini na miguu, mwanangu, ilikuwa imevimba kidogo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia nini? Uliniuliza kama nilikaa. Nilikaa."

Nje wifi alikuwa akigongesha sufuria. Mama Sare alimtazama mtu huyu, ambaye kwa miaka thelathini aliacha mtoto wake amhukumu kwa kosa zima ilhali lake lilikuwa la nusu saa, na hakuwahi kujipunguzia hata dakika. Alimpenda kwa namna iliyomuuma kifuani.

"Nusu saa," alisema. "Mimi nimechelewa miaka thelathini. Sasa tuambizane, nani amwombe radhi mwenziwe?"

Mzee alicheka, kicheko kifupi kilichomponyoka, na macho yakamlowa.

"Sikuja kukuuliza habari ya kukaa," Mama Sare alisema. "Nimekuja kwa sababu uliinuka. Asante, baba. Asante kwa kumvua mama viatu. Sijawahi kukushukuru kwa chochote nikimaanisha, nakushukuru kwa hilo, na yote mengine nitakuwa nakushukuru kidogo kidogo, maana ni mengi."

Mama Sare aliinuka, akalichukua lile begi dogo mlangoni, akalitundika begani mwake.

"Chumba kina vitambaa vingi," alimwambia. "Leo utanisaidia kupanga."

"Kwa binamu nimeshaahidi," mzee alisema kwa sauti ya mtoto anayeogopa kuamini.

"Binamu nitampigia simu mwenyewe. Simama, baba. Polepole. Nimekushika."